Kariakoo Si Soko Tu

Wananchi wa wilaya za Ngara na Biharamulo wafikapo Dar es Salaam, wengi wao huwa wamefuata bidhaa, matibabu au jamaa. Mabasi ya mikoani huwashusha Mbezi, katika kituo kilichofunguliwa mwaka 2021. Kutoka hapo huenda Kariakoo, hufunga mizigo yao, na alfajiri hushika njia ya kurudi. Kitovu cha mji, kati ya Mnazi Mmoja na bandari, hawakioni.

Sisi tunaamini kuwa hiyo ni hasara, wala si hasara ya mgeni peke yake.

Historia iliyomo katika mitaa ile ni yetu pia. Jina la Kariakoo limetokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliouteka mji huo mwaka 1916. Mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Biharamulo. Vita vile havikuwa vyetu, lakini mizigo yake ilibebwa vichwani mwa Waafrika, na wengi hawakurudi makwao. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Gavana Wissmann wa Wajerumani, ni kumbukumbu ya askari na wapagazi hao. Mwenzetu anayeipita akidhani ni pambo la barabara amempita mzee wake njiani bila kumwamkia.

Kutoka hapo hadi ufukoni ni mwendo mfupi wa miguu. Lipo Boma la Kale, lililojengwa enzi za Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860. Lipo Kanisa la Kilutheri la Azania na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili ya zama za Wajerumani. Makumbusho ya Taifa nayo hayako mbali. Nusu siku yatosha, na basi la mwendokasi hufika mpaka Kivukoni.

Majengo kadhaa ya zama hizo yamekwisha kubomolewa ili kupisha maghorofa. Hatupingi maendeleo, mji wa mamilioni ya watu hauna budi kujengwa. Lakini nyumba isiyojulikana haina mtetezi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo, ila sheria hupata nguvu pale tu wananchi wanapokithamini kile inachokilinda.

Wapo watakaouliza kwa nini tuhifadhi kuta za watawala waliotuonea. Jibu letu ni kwamba kuta hizo ndizo shahidi wa uonevu huo, na jasho lililozisimamisha lilikuwa la wazee wetu. Shahidi akiuawa, kesi hupotea.

Jambo hili halianzii Dar es Salaam. Biharamulo pana boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20. Mtoto asiyefundishwa kulitazama boma la kwao hatajua la kutazama akifika mjini.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa walimu wa wilaya hizi mbili wawapeleke wanafunzi bomani, na kwa halmashauri ziwasaidie kwa usafiri. Nanyi wasafiri, mkishafunga mizigo yenu Kariakoo, ahirisheni safari kwa siku moja, mtembee hadi kwenye Sanamu ya Askari.