Mtoto Hodari Asiyeweza Kusoma

Wapo watoto katika vyuo vyetu ambao humsikiliza mwalimu mara mbili tatu, kisha wakaisoma sura nzima kwa ghibu bila kukosea. Mwalimu hufurahi. Lakini mmoja wao mwekee msahafu mbele, umwonyeshe aya ya katikati. Ulimi humganda, herufi zikamvuruga. Skuli nako, hesabu za kichwa humtoka upesi, ilhali daftari lake ni makosa matupu. Huitwa mvivu, na fimbo humshukia.

Sisi hatuuoni uvivu hapo. Kipaji chake huficha udhaifu wake, na udhaifu huo huficha kipaji, hata mtoto wa namna hii akachelewa kutambuliwa. Huenda ni disleksia, yaani taabu ya kusoma isiyotokana na upungufu wa akili. Huenda pia ni macho au masikio, nayo yapimwe kwanza.

Basi mama, usingoje mtihani. Serikali ya Kenya ina vituo vya kuwapima watoto kielimu, viitwavyo EARC, tangu mwaka 1984. Mwulize mwalimu mkuu kilicho karibu nawe. Watakaosema umempeleka mwanao kwa punguani, waache waseme. Nenda na madaftari yake, ya kale na mapya. Mweleze mpimaji na anayoyaweza, maana akiambiwa makosa tu hataujua uhodari wake. Ripoti ikitoka, nakala moja mpelekee mwalimu wa chuo, ambaye aghalabu husahauliwa. Naye amsomeshe kwa kusikia kwanza, kisha amfuatishie herufi kwa kidole, pole pole.