Ufuo ni wa umma, lakini njia ya kuufikia ni ya nani?

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binamu yangu Mambrui. Anaishi Nairobi, na alikuwa ameona kwenye simu video za watu wanaosimama juu ya ubao na kuvutwa na upepo, wanaruka juu ya mawimbi kisha wanatua kama kwamba hakuna lolote. Yeye anaiita kaiti. Sisi tuliokulia Pwani tulirusha tiara za karatasi na njiti za makuti. Hizi za sasa humbeba mtu mzima.

Tulipanda matatu hadi Malindi, tukavuka daraja la Sabaki kwa tuktuk. Kusi ilikuwa imechachamaa. Maji ya upande ule ni mekundu-kahawia, kwa sababu Sabaki ndiyo Athi ile ile inayotoka bara, na inakuja na udongo wa mashamba ya watu. Binamu yangu alisikitika kidogo, maana alitarajia rangi ya buluu ya kwenye picha. Nikamwambia buluu ataiona Watamu.

Kilichonisikitisha mimi ni kingine. Ujia niliokuwa nikiupita miaka ya nyuma kwenda ufuoni haupo. Pana ukuta, lango la chuma na askari. Kijana wa watu, mpole, akatuambia, "Samahanini wazee wangu, hapa si njia tena. Zungukeni kule mbele." Kule mbele kulikuwa mwendo wa karibu nusu saa juani. Njiani tulikutana na mama karanga mmoja, beseni la samaki kichwani, anatoka tulikokuwa tunakwenda. Nikamsalimu, nikamuuliza kama huzunguka hivi kila siku. Akacheka. "Kila siku, kakangu. Na samaki hawangoji."

Msomaji, sheria katika jambo hili haina fumbo. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Haina hoteli, haina mwekezaji, haina bwanyenye. Mtalii, mvuvi, mtoto wa madrasa anayekwenda kuogelea, wote haki yao ni moja pale.

Tatizo linaanzia hatua kumi juu ya mchanga. Ploti zilizopakana na bahari zina hatimiliki, na mwenye hatimiliki akijenga ukuta mfululizo, ufuo unabaki wa umma kwa jina tu. Siku za bamvua maji yanafika mpaka kwenye kuta zenyewe. Hapo hata ule mchanga tuliopewa na Katiba unakuwa chini ya maji, na anayepita anapita akiwa amelowa mpaka magotini.

Ukitaka kujua tumefikaje hapa, rudi hadi 1908. Mwaka huo serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa Pwani. Aliyejua kuandika madai yake akaandika. Aliyekuwa akilima kwa desturi za wazee wake, hasa ndugu zetu Wamijikenda, mara nyingi hakuandikwa popote, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wajukuu wa watu wale ndio leo tunaowaita maskwota katika vijiji walikozaliwa. Basi ujia wa kijiji utaandikwa wapi, ikiwa kijiji chenyewe hakijaandikwa?

Na ukilalamika, utazungushwa. Katiba hiyo hiyo inaiweka ardhi ya ufuo mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, chini ya usimamizi wa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Lakini mipango ya ujenzi na maendeleo ni kazi ya kaunti. Kwa hivyo ofisi moja itakwambia mchanga si wao, na nyingine itakwambia ukuta si wao. Nimewahi kukaa kwenye benchi za ofisi za namna hiyo, na najua jibu la "rudi Jumatatu" lilivyo.

Sisemi wageni wasije. Kinyume chake. Upande huu una mali ambayo sehemu nyingi duniani hawana. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza Afrika. Nyuma yake upo msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, na kati yake na bahari kuna mikoko ya Mida. Magofu ya Gede yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Mtu anaweza kupanda ubao asubuhi, akala wali wa nazi mchana, na alasiri akawa anatafuta ndege msituni. Haya yote kwa nauli ya tuktuk.

Swali ni pesa zinaishia wapi. Tikiti ya mbuga ya bahari huingia KWS. Kitanda kinalipwa hotelini, pengine kimeshalipiwa Ulaya kabla mgeni hajapanda ndege. Kijiji kinapata nini? Panapo mpango, kinapata. Mradi wa Kipepeo pale Gede ulianza mwaka 1993, na wakulima wanaoishi kando ya msitu hufuga vipepeo wanaouzwa ng'ambo. Pale Mida kuna daraja la mbao la kupita juu ya mikoko, na kiingilio cha wageni husaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya karibu na msitu. Mzazi ambaye mtoto wake amelipiwa karo na mkoko haendi kuukata mkoko huo usiku.

Mchezo wa tiara na ubao bado haujafungwa kwa kijiji namna hiyo, na una jambo lake la pekee ambalo wanaopanga utalii hawalizungumzi. Wakati wa kusi mvuvi wa mtumbwi hawezi kutoka nje ya mwamba. Ni miezi ya njaa kwake, anabaki kutega ndani, kwenye maji ya kina kifupi. Na upepo ule ule unaomzuia yeye ndio unaomleta mwanamichezo, kwenye maji yale yale. Mzee mmoja wa Watamu, baada ya mimi kumpa shikamoo na yeye kuniuliza watoto, aliniambia, "Mwanangu, mimi sina ugomvi nao. Lakini nyavu hawazioni, na zile kamba zao zinakata." Sheria inaruhusu uvuvi wa jadi katika hifadhi ya bahari, ingawa si ndani ya mbuga. Kwa hivyo mzee yule yuko ndani ya haki yake. Alichokosa ni kuulizwa. BMU zipo. Kukaa nazo chini ya mwembe kabla ya msimu, wakagawana saa na mahali, hakuhitaji bajeti ya Bunge.

Njia zinahitaji kazi zaidi. Kaunti ya Kilifi ingeanza kwa kuwatuma wapima ardhi watembee na wazee wa kila kijiji, kutoka Takaungu hadi Ngomeni, waandike kila ujia uliokuwa ukitumika na kila bandari ya wavuvi, kisha ramani ipelekwe Tume ya Ardhi na zitangazwe kuwa za umma. Atakayetaka kibali cha kujenga aonyeshwe ramani hiyo kwanza. Wako wenye hoteli, nakiri, walioacha njia wazi bila kulazimishwa na hawajafilisika. Sisi Waislamu tunafundishwa tangu chuoni kwamba kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani. Mwiba tunauokota. Ukuta tunaupita kimya.

Baadhi ya kuta hizo, tuambiane ukweli, ni za ndugu zetu wenyewe, wanaokaa safu ya mbele Ijumaa.

Binamu yangu alipata video zake. Tulirudi kwa ule mzunguko baada ya alasiri, na tulipofika barabarani tulimkuta yule mama karanga bado anangoja matatu, beseni limefunikwa jani la mgomba. Binamu akataka kununua wote. Mama akamwambia amechelewa, wana mwenyewe Malindi, na kama angefika saa nane angempa bei nzuri.