Safari ya Mgonjwa Haipimwi kwa Saa za Angani Pekee

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi Mumbai ni takriban kilomita 4,700. Ndege isiyotua njiani huvuka Bahari ya Hindi kwa muda wa saa sita hivi. Kwa mfanyabiashara, hesabu huishia hapo. Kwa mgonjwa anayefuata matibabu India, hapo ndipo inapoanza.

Mgonjwa wa Songea au Kigoma huwa amekwisha kusafiri umbali mrefu kabla ya kuingia ndegeni. Akipitia Doha au Addis Ababa, saa za kusubiri huongezeka, naye amekaa kitini.

Angani, shinikizo la hewa ndani ya ndege hushuka hata likalingana na la mlimani, kwenye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400. Mwenye afya njema hahisi kitu. Mwenye moyo dhaifu, mapafu yaliyoharibika au upungufu mkubwa wa damu aweza kupungukiwa na oksijeni. Gesi iliyonaswa mwilini nayo hutanuka kwa karibu theluthi moja. Ndiyo maana aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni, au aliyetiwa gesi jichoni, hakatazwi kuruka bure. Aidha, kukaa zaidi ya saa nne bila kutembea huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu, na donge hilo laweza kusafiri hadi mapafuni na kuua.

Lisilozungumzwa sana ni safari ya kurudi. Familia iliyouza shamba hununua tiketi ya bei nafuu, ya kwenda na kurudi, yenye tarehe isiyobadilika, kabla ya daktari mpasuaji kumwona mgonjwa. Siku ikifika, kidonda kingali kibichi, mgonjwa hupanda ndege kwa amri ya tiketi, si ya daktari. Upasuaji wenyewe huchochea damu kuganda. Saa nyingi za kukaa zikiongezwa juu yake, hatari hupandana.

Kwa hiyo barua ya rufaa isitaje ugonjwa na hospitali tu. Ieleze pia kama mgonjwa anaweza kuruka, kama atahitaji oksijeni njiani, na kwamba tarehe ya kurudi itapangwa na aliyemtibu. Kabla ya hayo yote, iulizwe kama tiba hiyo haipatikani nchini; upandikizaji wa figo, kwa mfano, umekuwa ukifanyika Muhimbili tangu 2017.

Watakuwapo watakaosema kwamba tiketi inayobadilika ni ghali kwa familia maskini. Ni kweli. Lakini familia hiyo haikuuza shamba ili inunue tiketi. Iliuza ili mgonjwa wake arudi nyumbani akiwa hai.