Vizimba vya Kariakoo na Haki ya Mkazi wa Gongo la Mboto

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliliteketeza Soko Kuu la Kariakoo, lile lililosanifiwa na Ndugu Beda Amuli na kufunguliwa na Mwalimu mwaka 1975. Serikali haikulitupa. Ilitenga zaidi ya shilingi bilioni 28 kwa kulikarabati jengo lililoungua na kusimamisha jingine jipya kando yake. Tuliuunga mkono uamuzi huo, na tungali tunauunga mkono. Ndugu zetu wa Visiwani nao hawahitaji kuelezwa kwa nini: bidhaa nyingi zinazouzwa Unguja na Pemba hupitia Kariakoo kabla ya kupakiwa bandarini, na wana wa Pemba wanaofanya biashara katika mitaa hiyo si wachache.

Hata hivyo, fedha ya umma ina wenyewe. Mmoja wao ni kabwela wa Gongo la Mboto, asiye na kizimba Kariakoo wala matumaini ya kukipata, lakini ambaye hulipa kodi kila anunuapo sabuni au vocha ya simu. Kariakoo na Gongo la Mboto zote zimo katika Wilaya ya Ilala, chini ya Halmashauri moja ya Jiji. Ana haki, basi, ya kuuliza amana yake imetumikaje.

Atajibiwa kwamba soko la katikati ya mji ni la wote, na kwamba mama lishe wa Ukonga hununua huko alfajiri kama anavyonunua mwenye hoteli wa Upanga. Jibu hilo ni la haki kwa sharti moja: kizimba kishikwe na mwenye kuuza. Kikishikwa na mtu asiyeuza chochote, akakikodisha kwa mwenziwe kwa bei maradufu ya ile anayoilipa yeye, tofauti hiyo haipotei hewani. Huongezwa juu ya bei ya nyanya na kitunguu. Kwa hiyo mkazi wa Gongo la Mboto hulipia jengo lile lile mara mbili, kwanza katika kodi, kisha katika kapu lake. Huo ni ulanguzi, hata ukivaa suti na kubeba mkataba wenye mhuri. Mwaka 2024, majina ya wafanyabiashara wa kurejea sokoni yalipotolewa, wapo waliolalamika kwamba wao hawamo. Hatuamui hapa nani mkweli. Tunasema tu kwamba orodha ya mali ya umma haifai kuwa siri ya watu wachache.

Kuhusu majumba ya watu binafsi, msimamo wetu ni mfupi. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Wajibu wa Serikali katika majengo ya namna hiyo ni ukaguzi mkali. Gharama za matengenezo azibebe anayekusanya kodi ya pango.

Yafaa pia viongozi wakumbuke Jengo la Wamachinga pale Ilala. Lilijengwa kwa mkopo wa NSSF, yaani kwa akiba za wafanyakazi, na kwa miaka mingi vizimba vyake vingi vilikaa vitupu, huku wauzaji wamesongamana barabarani nje. Waliolipanga walihesabu matofali wakasahau kuhesabu nyayo za wanunuzi. Zanzibar, Serikali ya Mapinduzi imejenga masoko mapya Jumbi na Mwanakwerekwe, nje ya Darajani, karibu na wanakoishi watu. Maofisa wa Bara hawatapungukiwa na heshima wakivuka bahari kwenda kuyatazama, na kuwauliza wauzaji wenyewe, si wakurugenzi pekee, biashara inakwendaje.

Hapa kwetu, barabara ya mabasi yaendayo haraka ya awamu ya tatu imeelekezwa kutoka katikati ya mji hadi Gongo la Mboto. Njia hiyo ina pande mbili. Ikiwa kazi yake itakuwa kumpeleka mnunuzi mjini tu, fedha yote ya Pugu, Majohe na Chanika itazidi kuteremkia Kariakoo, na mitaa hiyo ibaki kuwa mahali pa kulala. Tunaitaka Halmashauri ya Jiji itenge katika bajeti yake fungu la soko la kudumu Gongo la Mboto, lenye paa, maji, mifereji na taa, mahali ambapo abiria anateremkia.

Na kuhusu Kariakoo, orodha ya kila kizimba, mwenye nacho na kiasi anacholipa, ibandikwe sokoni kila mwaka. Nakala yake ipelekwe katika ofisi za kata zote za Ilala, Gongo la Mboto ikiwamo, ili aliyechangia jengo asome jina la aliyepewa, na akimwona asiyeuza chochote amtaje.