Jiwe letu linaruka, mtoto wetu anabaki chini

Pale Mudaka, kwenye barabara ya taifa namba 2, mtoto anayeuza mboga sokoni anajua ndeke kwa sikio. Zamani alikuwa anahesabu zile zinazoshuka Kavumu. Tangu mwezi wa pili 2025, wakati M23 ilikamata kiwanja kile, sauti ya juu inamfanya akimbie nyumbani. Sisi wachimbaji, tena wazazi, tunauliza: nani atamfundisha kwamba mbingu ni kitu cha kusoma, hapana kitu cha kuogopa tu?

Sisi wa sendika tuko na sababu yetu ya kuuliza. Koltani ya Kivu iko na metali mbili ndani: tantali na niobi. Tantali inaingia katika vyombo vya umeme vya simu, vya ndeke na vya sateliti. Niobi inavumilia moto mkali sana. Njo maana Wamarekani wa Apollo waliitumia kwenye mdomo wa injini iliyowarudisha kutoka mwezini. Hatusemi jiwe lile lilitoka kwetu, lakini ni jiwe la namna ile tunalobeba mgongoni. Mtoto wa mchimbaji anajua uzito wa mfuko. Hakuna mtu aliyemwambia mfuko unaenda kufanya nini. Na asiyejua kazi ya mali yake, bei anapangiwa na mwingine.

Tusidanganyane kwamba mambo ya anga ni ya wageni. Miaka ya 1970, kampuni ya Wajerumani, OTRAG, ilipewa na Mobutu eneo kubwa sana kule Shaba kwa kurusha roketi. Kwa nini walikuja mbali hivyo? Karibu na ikweta dunia inazunguka kwa mwendo mkubwa zaidi, inaisukuma roketi kidogo bila kulipwa. Waitaliano pia walifanya hivyo Malindi, Kenya: tarehe 12 Desemba 1970 sateliti Uhuru ilipanda kutoka pale. Mwaka 1978, mbele ya Mobutu mwenyewe, roketi ya OTRAG ilianguka. Mwaka uliofuata walisimamishwa, wakaenda na ujuzi wao. Shule zetu zilibaki na nini? Hadisi.

Halafu Mkongomani, Jean-Patrice Keka, akajaribu mwenyewe kule Menkao, upande wa Kinshasa. Mwaka 2009 Troposphère 5 yake, iliyobeba panya, ilikosa njia. Watu walicheka. Sisi hatukucheka: anayeanguka akijaribu ameshinda anayeangalia tu.

Mtu atasema: shule haina madawati, mwalimu anangoja mshahara, na tangu elimu ya bure ya 2019 darasa limejaa, ninyi mnaleta roketi! Ni kweli. Mwalimu alipwe kwanza. Hapo sendika haina maneno mawili. Lakini somo hili halingoji mashini. Fimbo moja uwanjani inatosha: karibu na katikati ya mwezi wa tatu na mwisho wa mwezi wa tisa, kivuli cha saa sita kwetu kinakaribia kwisha kabisa. Mtoto wa Paris hajawahi kuona hivyo kwao. Karatasi iliyokunjwa inaonyesha namna bawa linabebwa na hewa. Puto lililofunguliwa mdomo linaonyesha namna roketi inasukumwa. Na kipande cha koltani, mzazi atakileta.

Kodi ya migodi ya 2018 inapanga asilimia 15 ya redevansi kwa serikali za mahali. Siku ile sheria itafuatwa kwetu, tunaomba sehemu ndogo inunue ramani na mfano wa dunia kwa kila shule ya msingi, na mafunzo mafupi kwa walimu. Tusingoje Kinshasa ikumbuke.

Hatuombi kila mtoto wa Mudaka awe rubani. Tunaomba siku atakapobeba mfuko, kama atalazimika kuubeba, ajue unaenda wapi. Akijua, ataanza kuuliza bei.