Kusoma si kutamka tu

Taifa lenye nia ya kujitegemea huanza kujengwa katika Darasa la Kwanza. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba elimu ya shule ya msingi iwe kamili kwa yule anayeipata, wala isiwe ngazi tu ya kupandia sekondari. Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma Novemba 1974, iliamua kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Ada nayo imeondolewa. Mlango uko wazi. Linalopasa kuulizwa ni kile mtoto anachokipata akishaingia.

Tangu 2015, mafunzo ya Darasa la Kwanza na la Pili yametilia mkazo KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mtoto hujifunza sauti za herufi, akaziunga kuwa silabi, na silabi kuwa maneno. Yote haya hufanyika kwa Kiswahili.

Ni hapo ambapo wilaya za Mbulu na Hanang zinahitaji kutazamwa kwa makini. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatoga ni ya Kiniloti. Kihadza cha Bonde la Yaeda hakijulikani kuwa na ndugu popote. Wanyaturu na Wanyiramba walioko Hanang wana nafuu, kwa kuwa lugha zao ni za Kibantu kama Kiswahili. Mtoto wa Katesh au Haydom mjini husikia Kiswahili sokoni kila siku. Lakini mwenzake wa vijijini huenda akakutana nacho kwa mara ya kwanza ubaoni, akatakiwa ajifunze lugha na kusoma kwa wakati mmoja.

Hatari yake haionekani upesi, kwani Kiswahili huandikwa karibu sawasawa na kinavyotamkwa. Mtoto hodari wa silabi aweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri bila kuelewa hata sentensi moja. Mzazi hufurahi, mwalimu huweka alama ya vema, na mtoto huvuka kwenda Darasa la Tatu akiwa mtupu. Huko hukuta masomo yanayodai ufahamu, hubaki nyuma, na mwisho huonekana mjinga, kumbe hakufundishwa maana.

Dawa moja iko mikononi mwa kila familia, hata ile isiyojua kusoma. Jioni, mtoto akisha kusoma, aambiwe aeleze kwa lugha ya nyumbani alichokisoma. Akisoma "Ndama amepotea" na akaeleza kwa Kiiraqw au Kidatoga kwamba ndama hayupo, huyo amesoma. Akinyamaza, au akarudia silabi zile zile, mwalimu apewe habari kesho yake. Kwa njia hii bibi asiyejua herufi hata moja huweza kuwa mkaguzi wa kweli wa elimu ya mjukuu wake.

Hesabu nayo ina darasa lake zizini. Mbuzi 23 walitoka asubuhi, wamerudi 21, wangapi wamepotea? Mtoto wa mfugaji, anayemtambua kila ndama kwa rangi yake, hakosi akili ya hesabu. Anachokosa ni majina ya namba kwa Kiswahili, na hayo hujifunza haraka akiyatumia kila siku. Lakini mzazi anayemtoa mtoto shuleni wiki nzima ili achunge humkatia njia, kwa maana silabi za wiki moja ndizo msingi wa wiki inayofuata.

Walimu na watumishi wa Serikali nao wana wajibu. Mara nyingi mikutano ya wazazi huzungumzia michango na madawati, ikamalizika bila mzazi kuambiwa mwanawe anajifunza nini muhula huu. Haitoshi kulaumu wazazi kwamba hawana mwamko ilhali hakuna aliyewaeleza. Mwalimu aliyetoka mkoa mwingine asione haya kuomba mkalimani. Wala mtoto asiadhibiwe kwa kutumia lugha ya mama yake, kwa kuwa hiyo ndiyo ngazi anayopandia kukifikia Kiswahili.

Kiswahili kimetuunganisha Watanzania, na kila mtoto wa Mbulu na Hanang ana haki ya kukimiliki kwa maana yake, si kwa sauti yake tu. Kazi hiyo ni ya shule na nyumba kwa pamoja, na wakati wake ni miaka miwili ya mwanzo.