Divai Irudi Mezani



Katika miji yetu ya Kivu nimezoea kuona desturi mbili kuhusu divai, na zote mbili hazinipendezi. Ya kwanza ni ya wale wanaoitukuza kupita kiasi: chupa hukaa kabatini mwaka mzima, hufunguliwa siku ya ndoa au ya ubatizo, nayo hunywewa ili wageni wajue kwamba mwenye nyumba ana uwezo. Ya pili ni ya wale wanaoidharau: huinunua kwa sababu yaipita bia kwa nguvu, huimaliza wakiwa wamesimama, bila chakula, na ukiwauliza ilikuwa na ladha gani hawana jibu. Mimi natetea njia ya tatu. Divai ionjwe nyumbani, kwa kiasi kidogo, pamoja na chakula cha kila siku, mbele ya watu wote wa meza.

Nasema ionjwe, kwa maana kuonja na kunywa si tendo moja. Sote twaijua habari ya arusi ya Kana, na mara nyingi twatafakari juu ya mitungi sita ya mawe na juu ya Mama Maria aliyeuona upungufu. Lakini yupo mtu mwingine ambaye twampita haraka: mkuu wa meza. Yeye alionja, akatambua mara moja kwamba divai ile ilikuwa bora, ingawa hakujua ilikotoka. Tena alikumbusha kwamba kwa desturi divai hafifu huletwa wageni wakiisha kunywa sana, kwa kuwa hapo hawatambui tena. Fundisho ni wazi: mlevi hawezi kuonja. Anayetaka kuijua ladha sharti ailinde akili yake, na anayeilinda akili yake amekwisha kuanza kujifunza kiasi.

Namna ya kuonja haihitaji chuo wala glasi za bei kubwa. Mimina divai kidogo, kimo cha vidole viwili. Itazame mbele ya kitambaa cheupe: divai nyekundu inayoelekea rangi ya matofali kwa kawaida imekwisha kukaa miaka. Izungushe polepole, uinuse: je, yanukia tunda, ua, ubao au moshi? Kisha chukua funda dogo, lipitishe kinywani kote, umeze, ungoje. Uulize ulimi wako maswali manne. Kuna utamu? Kuna uchachu unaoleta mate, kama wa limau? Kuna ukakasi unaokausha ufizi, kama wa ndizi mbichi au chai iliyochemshwa mno? Kuna joto kooni? Joto hilo ni la alkoholi. Ukakasi ule watokana hasa na maganda na mbegu za zabibu, na wataalamu huuita tanini. Kila mwalimu ajua kwamba mwanafunzi akipata neno la kitu, huanza kukiona vizuri zaidi. Ndivyo ulivyo ulimi pia.

Baada ya hapo chakula kiletwe, wala kisiwe cha kigeni. Sambaza waliokaangwa na kunyunyiziwa limau hupatana na divai nyeupe isiyo na sukari, kwa sababu uchachu wake husafisha mafuta kinywani. Ndagaa wakavu wa Tanganyika ukiwala pamoja na divai nyekundu yenye tanini nyingi, huenda ukasikia ladha kama ya chuma. Divai haijaharibika, ila hao wawili hawapatani. Divai hiyohiyo ukiiweka kando ya brosheti za mbuzi, nyama na mafuta yake huutuliza ule ukakasi, na ladha ya tunda hujitokeza. Sombe lililopikwa kwa mawese lataka divai nyeupe yenye uchachu, au nyekundu iliyo nyepesi. Maharage yenye pilipili nyingi hayataki divai kali, kwa kuwa alkoholi huongeza moto wa pilipili. Hapo chagua yenye utamu kidogo. Jibini la Masisi nalo hupokea vizuri divai nyekundu isiyo nzito. Na kwa joto letu la mchana, hata nyekundu yafaa iwekwe kwenye frigo nusu saa kabla ya kumiminwa. Umeme ukikosekana, beseni la maji ya baridi latosha.

Wengine watasema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Nawajibu kwa mfano wa sambaza wenyewe. Samaki hao hawakuwa wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna chakula kinachoitwa cha kwetu kuliko wao. Kitu kigeni huwa chetu tukikipa nafasi mezani petu. Zaidi ya hayo, mazoezi haya hayahitaji zabibu peke yake. Kasiksi yetu, inayotengenezwa kwa maji ya ndizi mbivu na unga wa mtama, ina utamu wake, uchachu wake na harufu yake. Divai ya mchikichi nayo ni tamu asubuhi, na kufikia jioni huwa imechachuka na kupata nguvu. Asiyeweza kununua chupa ya dukani aanze na hizo, kwa maswali yaleyale manne.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Katika mitaa yetu, kinywaji kimehama nyumbani. Baba hunywa kwenye nganda, pamoja na brosheti na rafiki zake, huku nyumbani watoto wakila maharage yasiyo na mafuta. Kijana naye, kwa kumfuata, hununua kichupa cha pombe kali na kukimaliza nyuma ya ukuta. Wote wawili wamekitenga kinywaji na meza ya nyumbani, na kinywaji kilichotengwa na meza hiyo huanza kuila: hula mafuta, hula sukari, hula ada ya shule. Kinyume chake, chupa inayofunguliwa mbele ya mama, shangazi na kaka ina mashahidi. Kila mtu aona imegharimu kiasi gani na nani amejaziwa mara ya pili. Hata maongezi hubadilika, kwa sababu watu wanaoulizana juu ya ladha hunywa polepole.

Hesabu nayo itusaidie. Chupa ya divai ya sentilita 75 hutoa glasi sita za sentilita 12,5. Divai nyingi zina alkoholi ya asilimia 12 hadi 14, na bia ya kawaida karibu asilimia 5. Kwa hiyo chupa kubwa moja ya bia, ile ya sentilita 72, ina alkoholi kuliko glasi mbili za divai ya asilimia 12. Anayesema kwamba amekunywa bia moja tu, na aihesabu vizuri hiyo moja.

Najua wapo watakaoshangaa kwamba katekista anaandika hivi kwa vijana. Wana haki ya kuuliza. Sisemi kwamba divai ni dawa. Mnamo Januari 2023, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiwango cha alkoholi kinachoweza kuitwa salama kwa afya, nami silifichi neno hilo. Aliye chini ya miaka 18, mama mjamzito, na yule atakayeendesha pikipiki baadaye, hao waketi mezani kwa maji au maji ya matunda. Na yule ambaye akianza hawezi kuacha, asionje hata tone, wala asichekwe. Kanisa lenyewe, ambalo kwa Misa hudai divai halisi ya zabibu, limekubali kwamba padri mwenye udhaifu huo aweza kupewa ruhusa ya kutumia maji ya zabibu ambayo uchachukaji wake umesimamishwa. Ikiwa hata altare imemwachia nafasi mtu wa namna hiyo, sembuse meza ya nyumbani kwetu?

Basi ninyi mliotimiza umri na mnaotaka kunywa, nawashauri hivi. Jumapili moja, baada ya Misa, watu sita wachangie chupa moja. Wapike sambaza, sombe na maharage, wawaalike wazazi wao, waonje kabla ya chakula na tena pamoja na chakula, na kila mmoja aseme alichokisikia kwa maneno yake mwenyewe. Chupa ikiisha, isifunguliwe ya pili. Vyombo vioshwe na wote, wavulana kwa wasichana, na fedha ambayo ingenunua chupa nyingine inunulie nyumba hiyo mafuta.